VIDEO ZA MAFUNZO KWA WAUGUZI WA WATOTO MAHUTUTI

Wilaya ya Muleba ina visiwa vingi ndani ya Ziwa Victoria, vikiwemo Bumbire, Ikuza na Goziba. Mtoto anayezidiwa huko huvushwa kwanza kwa chombo, kisha hupelekwa kwa barabara hadi hospitali kama Rubya, Ndolage au Kagondo, ama hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba. Kwa hiyo uhai wake aghalabu hutegemea mikono ya muuguzi aliye karibu naye.

Ustadi wa mikono haupatikani kwa maandishi peke yake. Mathalani, mpango wa Helping Babies Breathe, uliozinduliwa mwaka 2010, unaelekeza kwamba mtoto aliyezaliwa bila kupumua akaushwe na kusisimuliwa. Asipopumua, apewe hewa kwa mfuko wa kupumulishia ndani ya dakika ya kwanza, takriban pumzi 40 kwa dakika. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, bali isibane macho. Na kifua kionekane kikipanda. Barakoa ikikaa vibaya kidogo tu, hewa hupotea pembeni. Video huonyesha jambo hilo kwa karibu, na muuguzi aweza kuisimamisha na kuirudia.

Video za namna hiyo hutolewa bila malipo na Global Health Media Project ya Marekani, nyingine kwa Kiswahili, na zikihifadhiwa katika simu huonekana hata pasipo mtandao. OPENPediatrics, ya hospitali ya watoto ya Boston, hufundisha uangalizi wa watoto mahututi.

Hata hivyo, kutazama si kutenda. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Walifanya vizuri zaidi mbele ya sanamu ya mtoto, lakini utendaji wao katika chumba cha kujifungulia haukubadilika. Kuanzia mwaka 2011 yaliwekwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mazoezi ya aina hiyo yalienezwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa mitano, ukiwemo Geita, jirani wa Kagera.

Hivyo basi, video itangulie zoezi, wala isichukue nafasi yake. Muuguzi atazame, ajaribu kwa sanamu, mwenzake amwangalie na kumsahihisha, kisha arudie. Viongozi wa vituo wanakumbushwa kutenga dakika chache za zoezi hilo wakati wa kupokezana zamu, na kuhakikisha kuwa sanamu na barakoa hazifungiwi stoo.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mtoto anayeshindwa kunyonya, anayepumua kwa shida, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu apelekwe kituoni mara moja. Aidha, muuguzi anayeonekana akitazama simu pamoja na wenzake mbele ya sanamu ya mtoto asidhaniwe kuwa anapoteza wakati wa wagonjwa. Huenda anaifanyia mazoezi dakika moja ambayo mtoto wa kesho ataihitaji.