Msomali na Kiingereza cha Upper Hill

Zamani kile kilima cha Upper Hill, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, kilikuwa makazi ya wakubwa wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Waingereza walioiendesha wakajijengea nyumba zao juu, mbali na tope la stesheni. Siku hizi nyingi katika nyumba hizo zimebomolewa, na mahali pake pamesimama mabenki, mashirika ya bima, zahanati, na lile jengo la Britam lililokamilika mwaka 2017 na kufikia kimo cha mita 200. Wakubwa wa reli wamekwenda zao, lakini lugha yao imebaki kilimani, na kila apandaye huko kutafuta kazi hukutana nayo mlangoni.

Miongoni mwa wapandao ni vijana wa Kisomali kutoka Eastleigh. Kuna ambao wazee wao walifika baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka Januari 1991, na kuna ambao babu zao wamo Nairobi tangu siku za ukoloni. Wengi hujifunza Kiingereza cha kazini kwa orodha: neno la Kiingereza upande huu, la Kisomali upande ule, kisha kukariri. Orodha si kitu kibaya. Lakini humfanya mwanafunzi ajione kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu mikono mitupu, na hilo si kweli.

Hebu tazama, ndugu msomaji, maneno haya ya Kisomali: mushahar, xisaab, daftar, qalin, karraani, wakiil, deyn, rahan, shirkad. Mtu wa Mombasa au Lamu hahitaji mkalimani hapo. Ni mshahara, hesabu, daftari, kalamu, karani, wakili, deni, rehani na shirika. Hata lile neno la adabu ambalo pasipo hilo hakuna afisi inayokwenda, Msomali husema fadlan nasi twasema tafadhali, na shina lake ni moja la Kiarabu. Wala tusisahau kwamba huko huko Somalia, katika mji wa Barawa, wako watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Chimwini, ndugu wa damu wa Kiswahili chetu.

Basi Msomali aliyesoma chuoni na kuokota Kiswahili sokoni tayari anayo afisi nzima kichwani mwake. "Salary", "account", "debt" na "clerk" ni majina mapya tu ya vitu anavyovijua. Mwalimu mwenye busara angepitia Kiswahili na Kiarabu kwanza, akayamaliza hayo kwa siku chache, kisha akautumia muda uliobaki kwa mambo yenye miiba.

Mwiba mmojawapo ni herufi. Kisomali kilipewa hati rasmi ya Kilatini Oktoba 1972, na katika hati hiyo herufi c ni ile 'ain ya Kiarabu, na x ni ha ile nzito ya Hassan. Kwa hiyo Ali huandikwa Cali, na Hassan huandikwa Xasan. Karani asiyejua atamwita bwana huyo Kali, na yeye hana ukali wowote. Ni jambo la kuchekesha mpaka siku ya malipo, maana jina la kitambulisho lisipolingana na jina la benki, mshahara waweza kukwama. Afadhali somo la kwanza liwe kuliandika jina lake kwa namna moja tu katika kila karatasi.

Mwingine ni sauti. Kisomali hakina p, wala v, wala z. Polisi wao ni booliis, na posta ni boosta. Atafutaye kazi katika zahanati za kilimani atakuta "pill", ambayo ni kidonge cha kumeza, na "bill", ambayo ni hesabu ya kulipa, na mgonjwa hatafurahi akipewa moja mahali pa nyingine. Hili latibika kwa kurudiarudia kwa sauti, kama tulivyofundishwa makhraji ya herufi tukiwa watoto.

Lakini maneno ya hatari zaidi ni yale yenye sura ya upole. "Leave" mwanafunzi ameifahamu kuwa ni kuondoka. Akiambiwa na mkubwa wake kwamba ana "leave", aweza kudhani amefukuzwa, kumbe ni likizo, ambayo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa kwa siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila atimizapo miezi 12. "Notice" yaweza kuwa tangazo la ukutani, na yaweza kuwa barua ya kukatiza ajira. Anayelipwa kwa mwezi hupewa ya siku 28, kwa maandishi. "Net" kwetu pwani ni wavu. Katika karatasi ya mshahara ni kile kilichosalia baada ya makato yote, na anayeitazama "gross" iliyo juu yake atapanga kodi ya nyumba kwa fedha asizokuwa nazo.

Na kuna "casual". Huyo ni kibarua, neno letu wenyewe la pwani, litokanalo na kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Sheria hiyo hiyo yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wangapi hutia saini wasijue neno hilo limewaweka upande gani?

Hapa ndipo orodha nyingi zinapokoma, na ndipo mfanyakazi anapohitaji msaada zaidi. Kifungu cha 9 cha sheria chamlazimu mwajiri kuhakikisha kwamba mfanyakazi asiyeweza kuusoma mkataba anaelezwa yaliyomo kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 41 chasema vivyo hivyo anapotaka kumfukuza kwa kosa au kwa uzembe: sababu ielezwe kwa lugha anayoielewa, na aweza kuwa na mfanyakazi mwenzake hapo kando. Tena Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kuomba maelezo kwa Kiswahili, hata ghorofa ya thelathini, si kujidunisha.

Ombi lenyewe ni fupi: "Please explain this to me in Somali", au "in Swahili". Laombwa kabla ya kutia saini, kalamu ikiwa bado mezani.