Sili Mbovu Isiyodondosha Tone

Mwambie fundi wa bodaboda kwamba unashuku sili za injini yako zinavuja. Atainama, atapitisha kidole chini ya injini na kukitazama, na kikitoka kikavu atakuambia sili ni nzima. Kwa Boxer au TVS, injini za mipigo minne alizozizoea tangu alipoanza kushika spana, hajakosea sana. Kwa injini ya mipigo miwili jibu hilo hilo linaweza kuua pistoni. Nazungumzia Yamaha DT na AG100, ambazo mabwana shamba na wahudumu wa afya wamezipigisha matope ya vijijini kwa miongo, pamoja na YZ, KX na KTM za vijana wa motokrosi. Ndani ya injini hizo mna sili mbili ambazo zikifa hazidondoshi chochote. Zinavuja kwa kuvuta.

Sababu iko kwenye chumba cha krenki. Katika injini ya mipigo minne, huko ndiko oili inakokaa. Katika mipigo miwili chumba hicho ni pampu. Mwingereza Joseph Day aliukatia hataza mpango huo mwaka 1891, na msingi wake haujabadilika: pistoni ikipanda, chumba kilicho chini yake kinapanuka na kuvuta hewa yenye petroli na oili kutoka kwenye kabureta, ikishuka, mchanganyiko ule unabanwa na kusukumwa kupitia njia za pembeni mwa silinda hadi juu ya pistoni, tayari kuwashwa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, chumba kinavuta na kusukuma mara 100 kila sekunde. Sasa, krenki lazima itokeze nje ya pampu hiyo pande zote mbili. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani ncha ya kushoto inabeba magneti, ya kulia inazungusha gia za klachi. Kila upande una tundu, na kila tundu lina sili yake.

Ichukue sili mpya uitazame kwa karibu. Nje ni duara la bati lililovikwa mpira. Ndani kuna mdomo mwembamba unaokumbatia krenki, na nyuma ya mdomo, ndani ya kijifereji, imelala springi laini ya mviringo inayoukaza. Mahali mdomo unapogusa chuma hapazidi upana wa mstari wa kalamu. Kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1849 kama kiwanda cha ngozi, ilipoanza kutengeneza sili za aina hii karne iliyopita, mdomo wenyewe ulikuwa wa ngozi. Mpira ulifuata baadaye. Mpira huu unakomazwa na joto, lakini pia unaharibiwa na kukaa bure. Pikipiki ya mradi iliyofungiwa stoo miaka kadhaa, ikatolewa na kupigwa kiki, mara nyingi inatoka na sili zilizokauka, hata kama kilomita zake ni chache.

Sili ya kushoto ikichoka, pampu inavuta hewa kutoka upande wa magneti. Hewa hiyo haikupita kwenye kabureta, kwa hiyo haina petroli wala oili. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, moto unazidi ukali, na pistoni inakosa ulainisho wakati inauhitaji zaidi. Dalili yake inasikika kabla ya kuonekana: unaachia resi, injini haishuki. Inaendelea kulia juu, halafu inateremka kwa kusitasita. Sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa umeachia resi, nayo haitulii. Leo umeishusha kwa skrubu, kesho imepanda tena. Ukifungua plagi unakuta kauri nyeupe na kavu badala ya rangi ya kahawia. Ukivuta choki kidogo na injini ikatulia badala ya kusonga, basi inakula hewa isiyo halali yake.

Hewa hiyo, hata hivyo, inaweza kuwa imepita kwingine. Mpira wa kabureta uliopasuka, au gasketi ya chini ya silinda iliyolegea, hutoa dalili zile zile, na jeti ya kabureta iliyoziba huziiga vizuri mno. Kisha kuna suala la mwinuko, ambalo huku kwetu si dogo. Pikipiki iliyopangiwa jeti Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ikiteremshwa Mombasa inakutana na hewa nzito zaidi, na jeti zile zile zinageuka kuwa ndogo. Itapata joto na kung'ang'ania resi ilhali sili zake hazina kosa. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, uliza pikipiki imetoka wapi.

Upande wa kulia mambo ni mengine, kwa sababu nyuma ya sili ile kuna oili ya gia boksi. Pampu inavuta oili hiyo na kuichoma. Moshi unakuwa mzito, mweupe unaoelekea bluu, na haukatiki hata injini ikishapata moto. Harufu yake ni kali kuliko ya 2T, ile oili inayochanganywa na petroli. Plagi inatoka nyeusi na imelowa; ukiipangusa kwa kidole unahisi utelezi wa oili nzito, si ubaridi wa petroli. Kwa DT na AG100, zenye tangi la 2T na pampu yake, hakikisha kwanza kwamba pampu haimimini kupita kiasi. Kwa injini zinazopozwa kwa maji, moshi mweupe unaopotea haraka hewani huku maji ya rejeta yakipungua ni kesi ya hedi, sili haihusiki.

Ushahidi mzuri wa sili ya kulia unapatikana kwa jagi la jikoni lenye mistari ya mililita. Mwaga oili yote ya gia, ipime, linganisha na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Imepungua na chini ya injini ni pakavu? Imepitia ekzosi. Ila wakati mwingine unakuta kinyume chake, oili imezidi, na hapo ndipo watu hupotea. Chumba cha krenki hakivuti tu, kinasukuma pia. Petroli inaweza kupenyezwa kwenye sili hiyo hiyo kuingia gia boksi. Oili inakuwa nyepesi, inanuka petroli, na mpira wa kupumulia wa gia boksi unapuliza kila resi ikivutwa.

Sili zinazodondosha zipo, na ndizo anazozitafuta fundi wetu anayeinama: ya sproketi ndogo ya mbele, ya kiki, ya pedali ya gia. Hizo zinachafua injini na kupunguza oili, lakini haziui pistoni mradi kiwango cha oili kinaangaliwa. Uji mweusi unaotiririka kwenye maungio ya ekzosi nao ni oili ya 2T isiyoungua, na kwa kawaida hauhusiani na sili yoyote. Kwenye injini za maji, chini ya pampu ya maji kuna kitundu kilichotobolewa makusudi kiwandani. Kikianza kudondosha, sili ya pampu imekwisha. Kuna wanaokiziba kwa gundi. Maji yakikosa pa kutokea nje yanaweza kupenya kwenye oili ya gia na kuigeuza maziwa.

Tiba ya mtaani kwa injini inayong'ang'ania resi ni kuongeza jeti. Naipinga kabisa. Hewa inayopita kwenye sili mbovu haina kipimo: inabadilika injini ikiwa baridi na ikiwa moto, resi ikiwa chini na ikiwa juu, wakati jeti ni tundu lisilobadilika. Utaituliza pale gereji, kisha pistoni ishike kwenye mlima wa kwanza mrefu. Tiba ya pili ni kuzidisha 2T kwenye petroli, eti pistoni ilainike. Ukitoka uwiano wa 1:50, yaani mililita 20 kwa lita, ukaenda 1:25, jeti inapitisha oili nyingi zaidi na petroli pungufu. Mchanganyiko ambao tayari ulikuwa mwepesi unazidi kuwa mwepesi.

Kinachotakiwa ni kupima chumba chote kwa presha, na kifaa chake si ghali. Kile kipimo cha presha ya damu, chenye pampu ya mpira ya kubinya na saa ya mshale, kinafaa ajabu: saa yake inafika milimita 300 za zebaki, ambazo ni karibu psi 5.8, na mafundi wengi wa mipigo miwili hupimia psi 6. Usithubutu kutumia kompresa ya kujazia tairi. Presha ikipita psi 10 unaweza kuisukuma sili nzima ikatoka mahali pake, ukawa umetengeneza ugonjwa ambao haukuwepo.

Toa ekzosi na kabureta. Mdomo wa ekzosi wenye bolti uzibe kwa kipande cha tyubu kilichokandamizwa na bati nene; ule wa kuchomeka unataka kizibo cha mpira kilichokazwa sawasawa. Mpira wa kabureta uache mahali pake, kwa maana nao ni mshukiwa. Chonga mti wenye unene wa mdomo wa kabureta, toboa katikati, pitisha mpira wa kipimo, uchomeke na ukaze klipu. Kama 2T inaingilia hapo, mrija wake nao uzibwe. Plagi ibaki imefungwa. Zungusha injini mpaka pistoni ifike chini kabisa, ili chumba cha krenki na silinda viwe kitu kimoja. Kisha binya mpaka mshale ufike 300 na uangalie saa. Kanuni ya kawaida ni kutopoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika, kama milimita 50 hivi. Mshale ukianguka, paka povu la sabuni kwenye vizibo vyako kwanza, kwani mara nyingi kinachovuja ni kazi ya mkono wako mwenyewe.

Vizibo vikiwa salama, povu liende kwenye mpira wa kabureta, chini ya silinda, kwenye hedi, na kwenye mshono wa makasha mawili ya injini. Upande wa kushoto fungua kifuniko na utoe magneti kwa pula yake, si kwa nyundo, ndipo sili ionekane. Upande wa kulia huhitaji kufungua kitu: chukua mpira wa kupumulia wa gia boksi, utumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji. Vipovu vikianza kupanda, hewa inatoka chumba cha krenki kuingia gia boksi. Ni sili ya kulia, au mara chache ni gasketi ya katikati ya makasha. Kipimo hicho cha glasi nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hata mwenye pikipiki asiyejua spana anaona na mabishano yanaisha.

Sili inaweza kufaulu hapo na bado ikawa mbovu. Presha ya ndani inaukandamiza mdomo kwenye krenki, kwa hiyo inausaidia. Mvuto unaubandua, na kinachobaki kuushikilia ni springi na ulaini wa mpira tu. Ukiweza kupata pampu ya mkono ya kuvutia, kama ile ya kutolea hewa kwenye breki, pima na upande huo kwa kiwango hicho hicho. Ila uvutie kwenye tundu la plagi. Ukivutia upande wa kabureta kwenye injini zenye ridi, yaani vilimi vya valvu vinavyofunguka kuelekea ndani tu, ridi zitajifunga na utakuwa unapima ridi badala ya sili.

Ukishathibitisha, usikimbilie duka la spea kabla ya kujua sili ilikufa kwa nini. Shika ncha ya krenki uitikise juu na chini. Ukihisi mchezo wowote, beringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu juu ya krenki inayocheza. Pitisha ukucha mahali mdomo ulipokuwa unasugua. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, mdomo mpya utalala mle mle na kuvuja.

Namba zilizogongwa usoni mwa sili, tuseme 25x40x8, ni kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa milimita. Muuzaji wa Kariakoo au Kirinyaga Road atakupa inayolingana bila hata kuuliza ni ya wapi. Kulingana vipimo hakutoshi: sili iliyotengenezwa kuzuia vumbi kwenye rimu inaweza kuwa na vipimo hivyo hivyo na isistahimili presha wala joto la krenki. Ulizia ya injini yako kwa jina. Baadhi ya sili zina ukingo unaobanwa kati ya makasha mawili, na hizo hazitoki bila kuipasua injini yote. Zinazotoka kwa nje huchomolewa kwa kuzifungia skrubu ndogo na kuivuta kwa koleo, bila ncha ya skrubu kugusa beringi. Mpya ipakwe grisi mdomoni, na funika njia ya ufunguo kwenye krenki kwa selotepu wakati wa kuipitisha, kwani kingo zake hukata mpira ambao haujafanya kazi hata dakika moja.

Kabla ya kurudisha kabureta, binya tena mpaka 300. Mshale ukishikilia, rudisha na jeti za kiwandani kama kuna aliyeziongeza. Injini iliyopona ikiachiwa jeti kubwa itatoa moshi na kulowesha plagi, na mwenyewe atarudi kesho kulalamikia sili mpya.