Alama ya Betri Si Betri Yenyewe

Mwanafunzi anaandika ripoti ya jaribio katika kompyuta ndogo ya shule. Alama iliyo pembeni mwa kioo yaonyesha kwamba betri ina asilimia 40. Ghafla kioo chazimika, na kazi ya saa nzima yapotea. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo kwamba mashine imekufa, ikawekwa kabatini. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Alama ni habari tu juu ya betri, na habari hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia msomaji.

Kompyuta hizi ndogo za bei nafuu zilienea tangu mwaka 2007, ilipotoka Asus Eee PC, ambayo mwanzoni iliuzwa ikiwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Fadhila moja ya Linux ni kwamba haizifichi habari za mashine. Huziweka katika mafaili yanayosomeka na yeyote.

Seli ya lithiamu iliyojaa huwa na volti zipatazo 4.2, na inapokaribia kuisha zipatazo 3. Katikati, volti hupungua polepole mno, hata ni vigumu kukisia akiba kwa volti peke yake. Kwa hiyo saketi ndogo ndani ya betri huhesabu mkondo uingiao na utokao. Makosa madogo ya hesabu hujilimbikiza. Seli nayo huchakaa, na ukinzani wake wa ndani huongezeka. Kazi ikiwa nzito, volti huanguka na mashine huzimika, ilhali hesabu ingali ikisema kuna akiba.

Yafaa uchunguzi uanzie kwenye chanzo. Katika folda /sys/class/power_supply/BAT0 (pengine BAT1) mna faili energy_full_design, yaani nishati ya betri ilipokuwa mpya, na energy_full, yaani nishati inayoweza kujaa leo. Katika mashine nyingine neno charge hushika nafasi ya energy. Ikiwa ya kwanza ni wati-saa 48 na ya pili 30, uwezo uliobaki ni asilimia 62.5, hata kama alama yasema 100. Folda isipokuwepo, kompyuta haiioni betri: izimwe, betri ichomolewe, na miguso yake ipanguswe kwa kitambaa kikavu. Tarakimu za mafaili zikibadilika na alama ikabaki vilevile, kosa li katika programu ya alama. Hesabu ikipotoka, betri ijazwe, itumiwe hadi ikaribie kuisha, kisha ijazwe tena bila kukatizwa, ili saketi ijirekebishe. Dawa hiyo husahihisha hesabu; haifufui seli. Betri iliyovimba isichajiwe tena kamwe.

Njia hiyo hiyo yafaa kwa kibao cha mguso, kifanyacho kazi ya kipanya. Chini yake mna nyuzi za umeme zilizopishana. Kidole, kwa kuwa hupitisha umeme, hubadili kiasi cha chaji kinachohifadhiwa baina ya nyuzi hizo. Ndiyo maana unyevu hukivuruga. Kielekezi kikirukaruka, chaja ichomolewe kwanza: kikitulia, kosa ni la umeme wa chaja, si la kibao. Kibao kikinyamaza kabisa, itazamwe kama hakikuzimwa kwa kitufe cha Fn. Kisha, katika mashine ambazo kibao huendeshwa na moduli ya psmouse, moduli hiyo iondolewe kwa amri sudo modprobe -r psmouse na kurudishwa kwa sudo modprobe psmouse. Kibao kikiamka, kifaa ni kizima na kosa lilikuwa la programu.

Hivyo ndivyo ifanyavyo sayansi katika maabara yoyote. Kipimo kinapotoa jibu la ajabu, huchunguzwa kwanza kitu kinachopimwa, kisha chombo kinachopima, kisha maandishi yanayotangaza matokeo. Mwalimu atakayewazoesha wanafunzi wake utaratibu huo huenda akagundua kwamba baadhi ya mashine zilizomo kabatini hazikupata kufa.