KUKIMBIA UNAPOJISIKIA VIBAYA: UENDELEE AU UPUMZIKE?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi, wengi wenu hapa Mpemba mmejizoesha kukimbia. Wapo wanaokimbia mchakamchaka shuleni, wapo wanaotoka baada ya swala ya Alfajiri kabla malori ya mpakani hayajawa mengi barabarani, na wapo wanaosubiri jioni baada ya Alasiri. Hilo ni jambo jema. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), kwa hiyo kukimbia si jambo geni kwa Muislamu.

Tatizo huja pale mtu anapoamka hajisikii vizuri. Sisi wa nyanda za juu za kusini tunaijua baridi ya Juni na Julai, na baada ya hapo vumbi la kiangazi. Mafua na kikohozi havikosekani majumbani. Hapo vijana hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale ambao wakipiga chafya moja huacha mazoezi, na wakishaacha wiki moja hawarudi tena mpaka mwaka mwingine. Kundi la pili ni la wale wanaokimbia hata mwili ukiwaka moto, wakiamini kuwa jasho litatoa homa. Kundi la kwanza hupoteza desturi yake njema, na la pili huweza kupoteza afya, na wakati mwingine uhai. Makala hii ni ya makundi yote mawili.

SWALA NA FUNGA ZINATUFUNDISHA

Mgonjwa katika dini yetu amepewa ruhusa, na ruhusa hizo si za namna moja. Tuangalie mbili.

Katika swala, mgonjwa asiyeweza kusimama huswali akiwa amekaa, na asiyeweza kukaa huswali akiwa amelala ubavu. Wakati wa swala unabaki palepale, ila namna ya kuswali ndiyo iliyofanywa nyepesi. Katika funga ya Ramadhani, mgonjwa ambaye kufunga kunamdhuru hula, kisha akipona hulipa siku zake. Hapa amali yenyewe imeahirishwa.

Mazoezi si ibada ya faradhi kama swala na funga, lakini mpango huo unatufaa. Yapo maradhi madogo ambayo unabakisha wakati wako na kupunguza uzito wa zoezi, kama anayeswali kwa kukaa. Na yapo maradhi ambayo unaacha kabisa na kulipa baadaye, kama aliyekula mchana wa Ramadhani kwa udhuru. Kazi yako ni kujua leo uko upande gani.

PIMA KWA SHINGO

Walimu wengi wa michezo hutumia kipimo chepesi cha shingo. Jiulize: dalili zangu ziko juu ya shingo tu, au zimeshuka chini?

(a) Dalili za juu ya shingo ni pua kutiririka, pua kuziba, kupiga chafya na koo kuwasha kidogo. Kama huna homa na unakula vizuri, unaweza kufanya zoezi jepesi. Tembea kwa haraka, au kimbia taratibu nusu ya umbali wako wa kawaida. Ukiona baada ya dakika kumi kichwa kinazidi kuuma au nguvu zinakwisha, geuza urudi nyumbani.

(b) Dalili za chini ya shingo ni kifua kubana, kikohozi kizito, kutapika, kuharisha, na maumivu ya viungo au mwili mzima. Ukiwa na mojawapo, usikimbie.

(c) Homa inasimama peke yake. Hata kama huna dalili nyingine yoyote, ukiwa na homa hukimbii, wala kwa taratibu.

Kipo pia kipimo cha mapigo ya moyo. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa 2. Fanya hivyo siku kadhaa ukiwa mzima ili uijue hesabu yako. Ikiwa umezoea kupata 70 na leo umepata 85, mwili wako unapambana na jambo fulani. Siku hiyo mpe moyo nafasi yake.

KWA NINI HOMA NI HATARI

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 au karibu na hapo. Homa inapopanda, moyo nao huongeza kasi hata ukiwa umelala. Ukienda kukimbia unauongezea mzigo juu ya mzigo. Misuli inayokimbia hutoa joto jingine, na jasho linalotoka hupunguza maji mwilini wakati ambao mwili unayahitaji zaidi. Kwa hiyo ile kauli kwamba jasho hutoa homa haina msingi.

Kuna jambo kubwa zaidi. Baadhi ya virusi vinavyoleta mafua makali huweza kushambulia misuli ya moyo. Hali hiyo haitokei mara nyingi, lakini ikitokea, zoezi zito linaweza kuvuruga mapigo ya moyo na mtu akaanguka ghafla. Dalili za kuogopwa ni maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpangilio, kukosa pumzi kwa kazi ndogo na kuzimia. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

HOMA HAIBAHATISHWI

Kwetu Tanzania mwenye homa anatakiwa kupimwa malaria. Katika zahanati hutumika kipimo cha haraka kinachohitaji tone moja la damu ya kidole, na majibu hupatikana katika muda mfupi. Usimeze dawa ya malaria kwa kukisia, na ukipewa dawa ya mseto umalize dozi yote ya siku tatu hata kama siku ya pili umeshajisikia mzima.

Mkimbiaji ana sababu ya ziada ya kuiheshimu malaria. Vijidudu vyake huharibu chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Ndiyo maana mtu aliyetoka kuugua hupanda kilima kidogo akahema kama aliyebeba gunia. Huo si uvivu. Damu bado inajijenga.

Vilevile kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi si cha kuzoea wala cha kusingizia vumbi. Nenda ukapimwe kifua kikuu.

KEINO, AKHWARI NA BAYI

Vijana wakiambiwa wapumzike hupenda kutaja habari za wakimbiaji mashujaa. Tuzitazame vizuri.

Mwaka 1968 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa anaumwa mfuko wa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 alianguka kwa maumivu ikiwa imebaki mizunguko michache. Madaktari walimshauri asiendelee, lakini alipata medali ya fedha katika mita 5,000, na tarehe 20 Oktoba akashinda dhahabu ya mita 1,500 mbele ya Mmarekani Jim Ryun. Siku hiyohiyo ndugu yetu John Stephen Akhwari wa Tanzania alikimbia marathoni, akaanguka njiani na kuumia goti. Waliopanga mstari walikuwa 75. Yeye alimaliza wa 57, ambaye ndiye wa mwisho kati ya waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia.

Habari hizo ni za fahari na tunazienzi. Lakini michezo ile huja mara moja katika miaka minne. Wale walikuwa watu wazima walioandaliwa miaka mingi, na madaktari walikuwa karibu. Wewe mbio zako ni za Jumanne, na Alhamisi zipo tena. Ujasiri wa siku moja ya mashindano si kanuni ya kila wiki.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Kabla ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 aliugua malaria, na kisha Tanzania ikasusia michezo ile, hivyo hakukimbia. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ugonjwa ulimpunguzia nguvu kwa wakati wake, lakini haukufuta mbio zake.

NAMNA YA KULINDA DESTURI

Wengi huogopa kupumzika kwa kudhani watarudi nyuma. Siku tatu au nne za kupumzika haziondoi nguvu ulizozijenga kwa miezi. Kinachoondoka upesi ni mazoea. Basi yalinde mazoea hata siku usiyokimbia:

1. Amka wakati uleule. Kama huna homa, tembea kidogo au nyoosha viungo.
2. Kama una homa, lala, kunywa maji, uji na supu. Andika katika daftari lako siku hiyo kuwa ni ya mapumziko, ili ihesabike kuwa ni sehemu ya mpango.
3. Asubuhi ya baridi vaa sweta na anza kwa kutembea. Kukiwa na vumbi jingi, kaa mbali na barabara kuu.
4. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu asikimbie kwa nguvu bila ushauri wa daktari, na ajihadhari na baridi na kukosa maji.

NAMNA YA KURUDI

Subiri angalau siku moja nzima bila homa na bila kumeza dawa ya kushusha homa, kwa sababu panadol hushusha joto lakini ugonjwa huweza kuwa bado upo. Kisha anza pole pole. Tuseme ulizoea kukimbia kilometa 4. Siku ya kwanza tembea dakika 20. Baada ya siku moja kimbia kilometa 2 taratibu. Ukiwa mzima, nenda kilometa 3, na wiki inayofuata rudi kwenye 4. Ukijisikia vibaya, rudi hatua moja nyuma. Aliyeugua malaria au homa ya mapafu amuulize kwanza mhudumu wa afya.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Wazazi wangu, mtoto akisema anaumwa wakati wa mchakamchaka, msikimbilie kumwita mvivu. Mshikeni paji la uso, mpimeni. Na akipona, msimwache alale tu asubuhi, bali mkumbusheni arudi kwenye mazoezi yake. Mkimwonea huruma mwaka mzima mtakuwa mmemdhoofisha.

Wanafunzi wapenzi, tumefundishwa kuwa mgonjwa huandikiwa amali njema alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima. Basi mwenye desturi njema asihuzunike akilazwa na homa. Mwili ni amana tuliyokabidhiwa, na kuupumzisha ukiwa mgonjwa ni sehemu ya kuutunza. Mwenye mafua apunguze, mwenye homa aache, na aliyepona arudi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na atudumishie afya. Wabillahi tawfiiq.