Mali Bila Daftari

Kila tunaposimama makaburini kumzika mwenzetu, husikika sauti ya mmoja wa jamaa ikitangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi. Wanaodai hujitokeza, na hiyo ni haki yao. Lakini wale waliokuwa wakidaiwa na marehemu, aliyekuwa na kiduka chake pale mtaani, mara nyingi hurejea majumbani kimya kimya. Mjane hufungua mtoto wa meza, asikute daftari. Huishika simu ya marehemu, asijue nambari ya kuifungulia. Biashara iliyolisha watoto kwa miaka mingi hufungwa kabla ya arubaini, si kwa kukosa mali, bali kwa kukosa maandishi.

Leo tunapenda kuzungumza na wananchi wenye biashara ndogo ndogo Unguja na Pemba, pamoja na watendaji wa Serikali wanaowahudumia, juu ya jambo hili la kuweka hesabu, na juu ya chombo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni, yaani simu.

Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi tuliopita chuoni kabla ya kwenda skuli tunakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Inataka muandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo kuweka hesabu si jambo geni lililoletwa na wataalamu wa kompyuta. Ni wajibu wa zamani uliopata kalamu mpya.

Wapo wanaodhani kwamba biashara yao ni ndogo mno kuhitaji hesabu. Tuchukue mfano wa gunia moja la mchele la kilo 50. Mwenye duka amelinunua kwa shilingi 120,000, akatoa shilingi 5,000 za gari na mchukuzi. Kwa hiyo limemsimamia shilingi 125,000. Anauza kilo moja kwa shilingi 2,700, na anatarajia kupata shilingi 135,000, yaani faida ya shilingi 10,000. Lakini kilo 2 zimeingia jikoni kwake, na kilo 3 zimechukuliwa kwa mkopo na jirani ambaye jina lake halikuandikwa. Zilizolipiwa ni kilo 45, na fedha iliyoingia ni shilingi 121,500. Faida yote imekwisha, na juu yake amepoteza shilingi 3,500. Katika magunia 20 atakuwa amepoteza shilingi 70,000, na hakuibiwa na mtu. Atalaumu bei, atalaumu wateja, pengine atamshuku kijana anayemsaidia dukani, ilhali mwizi ni usahaulifu wake mwenyewe.

Huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa simu imekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008. Kila malipo yanayopita humo huacha ujumbe wenye tarehe, kiasi na jina. Hiyo ni hesabu inayojiandika yenyewe, na ni neema. Lakini ni nusu ya hesabu. Ujumbe ule haujui fedha taslimu zilizotiwa sandukuni, haujui kilichokopeshwa, wala haujui kilichopelekwa jikoni. Nusu ya pili lazima iandikwe na mwenye mali.

Tunashauri mambo manne. La kwanza, biashara iwe na nambari yake ya kupokelea malipo, mbali na nambari ya nyumbani, ili fedha ya duka isichanganyike na fedha ya ada na ya harusi. La pili, liwekwe jedwali moja lenye safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichokopeshwa na kwa nani, na kilichochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Zipo programu za majedwali zisizolipiwa kwa wenye simu janja. Na mwenye kitochi anaweza kutumia kikokotoo chake pamoja na daftari la kawaida, bila ya aibu yoyote. La tatu, kalenda ya simu itumike kukumbusha siku ya kulipia leseni, siku ya kudai deni na siku ya kuagiza bidhaa kabla chombo hakijaondoka bandarini. La nne, kila risiti ipigwe picha siku ile ile, kwa sababu maandishi ya karatasi za mashine hufifia.

Ushauri huu si wa mwenye duka peke yake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanaokishika zaidi ni akina mama. Mama anayeandika kilo alizopima siku ya kuuza, na bei aliyolipwa, ana cha kusema mnunuzi anapodai kwamba mzigo ulikuwa pungufu. Asiyeandika hubaki na kiapo tu.

Hata hivyo, tusikiabudu chombo. Simu huanguka baharini, huibiwa, na huzimika. Wenyeji wa Unguja hawajasahau kwamba kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme kutoka Bara, baada ya njia yake kuharibika. Kwa hiyo hesabu ya wiki inakiliwe mahala pa pili, ama katika akaunti ya mtandaoni ama katika karatasi. Nambari ya siri ya fedha asipewe mtu yeyote. Lakini nakala ya hesabu na ya madeni ijulikane ilipo na mke, mume au mtoto mkubwa. Hilo litamfaa mjane tuliyemtaja kuliko maneno mengi ya pole.

Sasa tunawageukia watendaji. Wananchi wengi hawaandiki kwa sababu wanaogopa kwamba daftari litageuzwa mtego. Hofu hiyo haiondolewi kwa vitisho. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyokuwa ikiitwa Bodi ya Mapato hadi mwaka 2022, ina mfumo wa risiti za kielektroniki, na ni haki ya Serikali kujua kilichouzwa. Lakini ofisa anayeingia dukani amueleze mwananchi kwamba asiye na hesabu ndiye asiye na la kujitetea anapokadiriwa, na kisha aiheshimu hesabu anayooneshwa. Pale ofisi inapopokea taarifa kwa mtandao, isimlazimishe mtu huyo huyo kuleta taarifa hiyo hiyo kwa karatasi. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili chepesi, na yafike Micheweni na Makunduchi, saa ambayo akina mama wamekwisha kutoka pwani, badala ya kuishia katika kumbi za mjini.

Na sisi tujikosoe. Mara nyingi tumepanda majukwaani tukawahimiza wananchi watumie teknolojia, tukapigiwa makofi, tukashuka bila ya kumuonesha hata mmoja wao pa kuanzia. Wengine miongoni mwetu tumekopa katika vile viduka vya mtaani na tumeringa kulipa, tukijua kwamba jina letu halikuandikwa. Kiongozi anayetaka wananchi waweke hesabu na awe wa kwanza kusema, "Niandike."

Haihitajiki kungoja semina. Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, kila mwenye biashara aandike mambo matatu: fedha iliyomo sandukuni, anaowadai, na wanaomdai. Kesho afanye hivyo hivyo. Akiendelea mwezi mmoja, atajua kama biashara yake inamlisha au yeye ndiye anayeilisha.