Kutu Ndani ya Ukuta: Jinsi Vishikizo Vipya Vinavyotiwa

Nyumba nyingi zilizojengwa Uingereza katika karne ya 20 zina kuta za matabaka mawili ya matofali. Baina yake huachwa uwazi wa milimita 50 hivi, ili maji ya mvua yanayopenya tabaka la nje yateremke chini bila kufika ndani. Lakini tabaka la nje ni jembamba, nalo haliwezi kustahimili upepo mkali peke yake. Kwa hiyo waashi hulaza katika mota vishikizo vya chuma vinavyovuka uwazi na kuyaunganisha matabaka hayo. Kwa kawaida hutenganishwa kwa milimita 900 kwa mlalo na 450 kwa wima, yaani vishikizo 2.5 hivi katika kila mita ya mraba.

Zamani vishikizo hivyo vilifanyizwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Wanafunzi wa kemia watakumbuka kwamba zinki huliwa kwanza, na hivyo kukikinga chuma. Zinki ikiisha, chuma hushika kutu. Mota iliyochanganywa na majivu ya makaa ya mawe huharakisha uharibifu huo kwa sababu ya salfa iliyomo. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba zinki ilikuwa ikiisha mapema kuliko ilivyotazamiwa, viwango vya Uingereza vilirekebishwa mwaka 1981 ili ipakwe kwa unene zaidi.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kishikizo cha bapa kikivimba huinua matofali, na nyufa za mlalo hutokea kila baada ya mistari sita hivi. Vishikizo vya waya ni hatari kwa namna nyingine: vina chuma kidogo, hivyo huweza kukatika bila ukuta kuonyesha ufa wowote. Upepo upitao kando ya nyumba huuvuta ukuta kuelekea nje, na tabaka lisiloshikwa huweza kuanguka.

Kazi ya kutia vishikizo vipya hufuata hatua hizi:

1. Vishikizo vya zamani hutafutwa kwa chombo cha kugundua metali, kisha hali yake hutazamwa kwa darubini nyembamba iliyopitishwa katika tundu dogo.

2. Matundu hutobolewa kwa keekee ya umeme kutoka nje, yakipita tabaka la nje na kuingia kiasi katika tabaka la ndani. Vumbi hupulizwa litoke, kwani gundi haishiki penye vumbi.

3. Vishikizo vya chuma kisichoshika kutu huingizwa na kukazwa kwa gundi maalumu au kwa skrubu inayojitanua. Kromiamu iliyomo hufanya utando mwembamba wa oksidi unaokilinda chuma. Kishikizo kisiinamie ndani, la sivyo kitayaongoza maji kwenye tabaka la ndani.

4. Baadhi ya vishikizo huvutwa kwa kipimo ili kuhakikisha vimeshika, ndipo matundu huzibwa kwa mota.

Je, vishikizo vya zamani viachwe? Vile vya bapa huondolewa, au ncha zake hutengwa na mota ya tabaka la nje; la sivyo vitaendelea kuvimba na kuupasua ukuta uliokwisha kutengenezwa. Vya waya mara nyingi huachwa mahali pake.

Kemia hiyo hiyo hupasua zege la majengo ya pwani yetu, pale chumvi ya bahari inapozifikia nondo. Kwa hiyo ufa ulionyooka usipakwe rangi tu. Yafaa kwanza kuchunguza kuna chuma gani nyuma yake.