Mizinga ya Boma la Kasanga

Nani amepita karibu na nyumba kuukuu iliyoachwa, asitamani kuchungulia ndani? Kule Ufipa, pale Kasanga, juu ya rasi iliyoingia katika Ziwa Tanganyika, yapo magofu ya boma la Wadachi. Wenyewe waliliita Bismarckburg, kwa heshima ya Bwana Bismarck, waziri mkuu wao wa kwanza. Siku hizi ni kuta za mawe na majani tu. Ukienda, chukua fimbo, maana nyoka hupenda mawe ya namna hiyo.

Simama ukutani utazame ziwa. Kisa chenyewe kilikuwa huko majini.

Mwezi wa Juni 1916 Waingereza walilijia boma hili kwa njia mbili. Kwa nchi kavu alikuja Luteni Kanali Murray na askari kutoka Rhodesia ya Kaskazini, akalizingira. Kwa maji alikuja Bwana Spicer-Simson, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha vuma. Motaboti zake mbili, Mimi na Toutou, zililetwa kwa meli toka Uingereza mpaka Cape Town, zikapandishwa reli, kisha zikakokotwa katika pori la Kongo kwa mashini za moshi na ng'ombe, na mwishowe zikafika ziwani. Siku moja baada ya Noeli 1915 ziliteka meli ya Wadachi iitwayo Kingani. Februari 1916 wakazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Mtu huyo ungedhani haogopi kitu.

Lakini tarehe 5 Juni aliiona mizinga bomani, akageuza, akaenda zake Kituta. Ziwa likabaki wazi. Wadachi na askari wao wakaingia katika majahazi, wakaponyoka. Murray alikuta boma tupu, akakasirika sana. Kumbe ile mizinga ilikuwa ya mti! Imechongwa tu, haiwezi kuua hata kanga.

Unaweza kucheka, nami nilicheka. Lakini walioponyoka walikwenda kupigana mahali pengine, na vita iliendelea mpaka Novemba 1918. Katika muda wote huo mizigo ya askari wa Rhodesia ilichukuliwa vichwani na wapagazi walioitwa tengatenga: unga, risasi, mahema. Wengi waliugua njiani, wasirudi kwao. Majina ya makamanda yamo vitabuni. Ya wapagazi wengi hayamo.

Wasomaji wa Ufipa, kama nyumbani kwenu bado husimuliwa habari za babu aliyekuwa tengatenga, tuandikieni jina lake na kijiji chake.